Buluu Iliyopita Motoni

Nyuma ya nyumba yetu, hapa Kimanga, nina mabeseni makubwa ya maji ya kijani. Ndani yake ninakuza spirulina, mwani mdogo usioonekana kwa jicho mpaka uwe mwingi. Majirani husema ninafuga taka za ziwa. Nawaacha waseme, maana hao hao ndio wanaokuja kuomba unga wake wa kutia kwenye uji wa watoto.

Aliyeniuma ni mama. Hakuwahi kuonja hata kijiko. Kwake, maji yasiyoona moto ni adui, na ana haki: kipindupindu kilimchukua kaka yangu kabla sijazaliwa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nilijua hayo yote, na bado nilitamani aonje kazi ya mikono yangu. Nilitamani kama mtoto mdogo.

Nikaona Idi ndiyo nafasi yangu. Ukiloweka mwani mkavu kwenye maji baridi mpaka kesho yake, kisha ukachuja, kijani hubaki kitambaani na chini hudondoka buluu ambayo sijaiona kwenye chakula kingine chochote. Nilitaka kuichanganya na mashanza, maziwa ya mgando yanayoshuka kutoka milima ya Mulenge, ili mama ashawishike kwa macho kwanza.

Asubuhi ya Idi nikachuja, nikaiacha buluu jikoni; niliporudi kutoka kuswali, nikakuta sufuria inatoa mvuke. Ndani yake mlikuwa na kitu cha rangi ya majivu, chenye mabonge. Buluu ile haivumilii moto.

"Mama, umeiua rangi."

"Miye nimeichemusha," akasema bila kugeuka. "Wageni wanakuja."

"Lakini mayi ya kulowekea nilishaichemusha jana."

"Ulichemusha mayi. Ile kitu yako haikuona moto, nayo inatoka mu beseni." Akaipua sufuria. "Mayi iliyomubeba kaka yako ilikuwa safi ya kuangalia. Weye unalilia rangi."

Hasira iliyokuwa imenipanda ikakosa pa kukaa. Mama akachuja mabonge, akasubiri ipoe, akaichanganya na mashanza na kujaza kikombe. Nilidhani ananiliwaza. Kumbe ni chake. Akakinywa polepole, mbele yangu, mpaka mwisho.

Kisha akajaza kingine, akanisogezea.

"Kunywa, mwanangu. Sasa haiui muntu."