Ukuta wa Mita Moja

Mdogo wangu wa kiume ni kitinda mimba, na mimi ndiye niliyemlea. Mama alipotutoka, mtoto hata meno yote hajaota. Nimembeba mgongoni huku nakanyaga cherehani, nimemsomesha kwa pindo za suruali za watu, na hesabu ilipompiga chenga shuleni, mimi ndiye niliyekwenda kumlilia mwalimu mkuu. Nayasema haya mapema, mtu asije akaniambia nina roho mbaya.

Mwaka jana alikuja kibandani kwangu na simu mkononi, macho yanamng'aa. Biashara ya sarafu, akasema. Unanunua pesa ya nchi moja kwa pesa ya nchi nyingine, ikipanda unauza. Nikamwambia, "Hebu nipishe, nina sare za shule za kushona."

"Dada, sikiliza kwanza. Bei ikipanda sana haiendi moja kwa moja. Inarudi nyuma kidogo, inapumua, halafu inaendelea. Ujanja ni kujua itarudi mpaka wapi, uingilie hapo. Unapima kutoka chini ilipoanzia mpaka juu ilipofika, unagawa: thelathini na nane kwa mia, hamsini, sitini na mbili."

Jamani, kupima! Si ndiyo kazi yangu? Yeye akahangaika na kikokotoo, mimi nikachukua chaki ya kushonea na tepu yangu. Niliamua kila mpando wa bei, uwe mkubwa uwe mdogo, ukutani kwangu utakuwa mita moja kamili. Juu naandika bei ya juu, chini bei ya chini, tofauti naikata vipande mia, kila sentimita na kipande chake. Kutoka juu nashuka sentimita thelathini na nane, nachora. Hamsini, nachora. Sitini na mbili, nachora mstari mnene. Mdogo wangu aliutazama ukuta ule mdomo wazi.

Nilifanya mazoezi miezi mitatu kwa pesa za kuigiza. Siku nyingine bei ilipita mistari yote kama haijaiona, sidanganyi. Lakini mara nyingi ilikuja ikasimama pale pale kwenye ule mnene, ikageuka. Basi nikatoa akiba yangu ya kununulia overloki, ile mashine ya kufunga kingo za nguo, nikampa. Simu yangu kuukuu iliweza kuonyesha bei tu, kwa hiyo akaunti ikawa yake. Mimi nachora, yeye anaingia sokoni. Kila asubuhi alipita kunywa chai, akapiga picha ukuta. "Nisije nikasahau namba, Dada," akasema.

Mara ya kwanza nilingoja siku tatu. Bei ikashuka, ikagusa mstari mnene, ikapaa. Nilipiga vigelegele mpaka kinyozi wa jirani akachungulia na mashine yake inanguruma mkononi. Mdogo wangu akaja uso umemshuka. "Dada, haikufika. Kwenye akaunti yetu ilipungua kidogo tu, oda yetu ya kununua haikushika." Nikampa pole! Mimi huyu, nikampa pole na mkate juu yake.

Mara ya pili, haikufika. Mara ya tatu, haikufika. Nikaanza kujilaumu, nikadhani labda tepu yangu imelegea kwa uzee. Nikanunua mpya.

Wiki iliyopita dereva wa gari la shule alileta suruali ipunguzwe kiuno. Nampima, yeye anakodolea macho ukuta. Akatoa simu.

"Fundi, huu ukuta mbona naujua?"

Kwenye simu yake kulikuwa na mistari yangu, mwandiko wangu, hata msumari wenye tepu yangu ya zamani. Chini imeandikwa: Uchambuzi wangu wa leo, Profesa. Profesa! Yule yule aliyeshindwa kugawa kwa mbili. Dereva akanieleza kwamba wako watu mia mbili kwenye kundi lake la mtandaoni, na wote wanalipa kila mwezi.

"Huyu bwana ni kichwa," akasema. "Ile ya juzi imenilipia karo ya binti yangu."

Ya juzi. Ile ambayo kwangu haikufika.

Nikampigia mdogo wangu. Sikufoka, nilijishangaa mwenyewe. "Hela yangu iko wapi?"

"Dada, niliiunguza wiki ya kwanza. Niliingia bila kungoja bei irudi."

"Na mistari yangu?"

"Sasa Dada, nani angelipa kumsikiliza fundi cherehani?"

Hela iliniuma, lakini neno lile ndilo lililonikata maini. Nilikaa na suruali ya dereva mapajani, nikashona mshono mmoja na kuufumua mara nne.

Asubuhi yake nilifikiria kuchora uongo, Profesa aaibike mbele ya watu wake. Nikamkumbuka binti wa dereva. Nikachora sawasawa.

Na alikuja! Alikuja vilevile, kama hakuna kilichotokea, akainua simu. Nikaenda nikasimama mbele ya ukuta, tepu shingoni, mgongo kwenye mstari mnene.

"Piga," nikamwambia. "Lakini leo na mimi nimo."

Akaishusha simu. Nilingoja aseme nisamehe. Najijua, angelitamka hilo moja tu ningemmiminia chai. Simu ilikuwa inatetemeka kiganjani mwake, ujumbe juu ya ujumbe.

"Dada, watu wananisubiri," akasema. "Sogea kidogo tu."

Sikusogea. Akabaki mlangoni, kijana niliyembeba mgongoni, anachungulia juu ya bega langu akijaribu kusoma namba.