Rangi ya Picha ya Baba

Mama alikuja studio kwangu Buzuruga siku ya Jumatano akiwa amevaa gauni lake la kanisani na kilemba kipya. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaenda kukaa kwenye kiti cha wateja na kunyoosha mgongo.

"Nipige picha," alisema. "Nyeusi na nyeupe, kama ya marehemu baba yako. Na iwe na rangi ileile."

Sikuuliza ya nini. Jumatatu alikuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji wa uvimbe tumboni. Huku kwetu picha kubwa ya fremu hutangulia mbele ya jeneza, imeshikwa na mjukuu, na mimi nimezitengeneza nyingi mno, namjua mteja wa msiba kabla hajafungua mdomo. Nikampiga. Nilirudia mara tatu, nikamsingizia yeye kwamba anatikisika.

Picha ya baba iko sebuleni kwetu Buswelu tangu nikiwa mdogo. Ni nyeusi na nyeupe, lakini weusi wake umeegemea kahawia, na uso wa baba unaonekana una joto, kama mtu aliyetoka kuota moto. Kazi yangu ilikuwa kuipata rangi hiyo kwenye kompyuta. Si kazi ya kutoa jasho: unaongeza wekundu kidogo kwenye vivuli, manjano kidogo penye mwanga, unachapisha, basi.

Ya kwanza ilimfanya mama aonekane ana homa ya manjano. Nikaichana. Ya pili ilitoka nyekundu kama tofali. Ya tatu ilikuwa nzuri, niseme ukweli, nikaichana pia. Ijumaa dada yangu alipiga simu kutoka Sengerema kuuliza kama picha iko tayari, nikamfokea kwamba hii ni kazi, si kukaanga chapati.

Akauliza, "Unaogopa?"

Nikakata simu.

Niliogopa. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba mama hawezi kufa picha yake ikiwa haijakamilika, na mimi, mtu mzima mwenye watoto watatu, nilikuwa nafanya kila njia isikamilike. Jumamosi sikula vizuri. Niliharibu hata picha za pasipoti za watu, wakarudi kulalamika, na walikuwa na haki.

Jumapili mchana, baada ya ibada, nilikwenda Buswelu kuitoa picha ya baba kwenye fremu. Nilijiambia nataka kulinganisha rangi vizuri, lakini nilichotaka hasa ni kupoteza muda. Vimisumari vya nyuma vilikuwa vimeshika kutu. Nilipoivuta karatasi niliona kingo zake, zile zilizokuwa zimefichwa na mbao za fremu. Zilikuwa za kijivu, kijivu cha baridi kabisa.

Nilikaa chini. Mpiga picha wa zamani hakumtia baba rangi yoyote. Ukahawia wote ule ulikuwa wa nyumba yetu: moshi wa jiko la mkaa, koroboi tulizosomea, jua la dirishani, miaka yote aliyokuwa hapo ukutani akitutazama tukila. Rangi niliyokuwa nahangaika nayo tangu Jumatano haikutoka kwa fundi yeyote.

Mama alikuwa anapanga kanga kwenye mkoba wa hospitali. Nikamwonyesha. Akapitisha kidole taratibu pale kijivu kinapokutana na kahawia.

"Kwa hiyo alianza hivi," alisema.

"Alianza hivi, mama."

"Basi na yangu iache hivyohivyo, baba. Itaivia hapohapo ukutani, mkiwa mnaishi."

Karatasi za siku hizi haziivi. Zinapauka tu, na mimi ndiye ninayeziuza, najua. Sikumwambia. Nilirudi studio nikaichapisha ya kijivu bila kuongeza chochote, na safari hii sikuichana.

Jumatatu asubuhi nilipigilia msumari pembeni ya baba. Mama alisimama nyuma yangu, ameshavaa viatu.

"Inachukua miaka mingapi?" aliuliza.

"Ya baba imechukua kama thelathini."

Aliitazama picha yake, akaitazama ya mumewe.

"Haya, nitasubiri," alisema, akanipa mkoba niubebe.