Nani Anamlisha Fundi Paka?

Mke akiwa fundi cherehani, mume hana pa kuficha tumbo. Wanawake wengine huambiwa na majirani. Huyu wetu aliambiwa na futikamba yake mwenyewe. Suruali ya kazi ya mumewe alikwisha kuitanua mwanzoni mwa mwaka, akaitanua tena baadaye, na sasa ilikuwa imerudi mezani, kifungo kimeruka na mshono wa nyuma umefumuka. Kitambaa cha ziada ndani ya mshono kilikuwa kimekwisha.

Kunenepa si dhambi. Mtu akinenepa kwake, mkewe husifiwa kwa matunzo. Lakini mume huyu alikuwa hali! Asubuhi aliondoka bila kutia kitu kinywani, chakula cha mchana alichofungiwa aliwapa vibarua wenzake, na jioni alidonoadonoa kama kuku mgonjwa, kisha akasukuma sahani na kusema ameshiba. Ameshiba nini? Mtu asiyekula kwako na bado ananenepa, anakula kwa nani? Swali hilo halihitaji kwenda shule.

Mume alikuwa fundi wa paa, na wenzake walimwita Paka kwa jinsi alivyotembea juu ya mabati bila kusikika. Alikuwa na mwiko wake: fundi wa paa hali chochote mpaka ashuke, kwa sababu shibe huleta usingizi, na anayesinzia juu ya paa haamkii kitandani. Mwiko huo aliurithi kwa aliyemfundisha kazi, na alijivunia kuushika. Mkewe aliujua tangu siku za uchumba. Ila zamani Paka alikuwa akishuka na njaa ya kuweza kumla ng'ombe na kwato zake. Siku hizi alishuka ameshiba.

Dalili ya mvua ni mawingu. Mke akaanza kunusa mashati. Alisikia jasho, alisikia vumbi la saruji, halafu kwenye ukosi akakuta kitu kitamu kinachonata. Manukato, alijiambia, na ya bei rahisi. Usingizi ukampaa. Akawa anamtazama mumewe akikoroma, naye alikoroma siku hizi kama mashine ya kusaga, akajiuliza huyo mwanamke anapika nini ambacho yeye hawezi kupika.

Wa kwanza kuambiwa alikuwa muuguzi wa zahanati, mteja aliyekuja kupimwa sare mpya.

"Mbona akili haipo hapa, fundi? Utanichoma pini bure."

Basi akamwaga yote, pini zikiwa bado mdomoni. Muuguzi alisikiliza akiwa amenyoosha mikono kwa ajili ya kipimo.

"Huko kazini anakunywa nini?"

"Pombe hata hanusi, dada yangu."

"Sijauliza pombe. Soda je?"

"Soda? Soda nayo ni chakula?"

"Hapo ndipo mnapojidanganya. Mnywaji haihesabu, lakini mwili unaihesabu. Sukari iliyomo ni nyingi, na mtu akiizoea kila siku inamnenepesha huku anaapa hajala kitu. Kisukari nacho kinakuwa kinamvizia pembeni. Sisemi ni soda peke yake, usinielewe vibaya. Lakini mtu hali na ananenepa? Mimi ningeanzia kwenye chupa."

Mke alicheka kwa adabu. Kwake soda ilikuwa kinywaji cha mgeni, tena mgeni wa kuheshimiwa. Nani aliwahi kunenepa kwa ugeni? Mwenye wivu ukimwonesha mlango atatokea dirishani, na huyu alikwisha kuchagua dirisha lake.

Siku iliyofuata alifunika cherehani, akajitanda mtandio, akaenda kwenye ghala la zamani ambalo Paka na wenzake walikuwa wakilibadilisha paa. Njiani alipanga maneno. Alipofika yakamwishia, kwa sababu mwanamke mwenyewe alikuwepo. Alikaa kwenye kibanda ubavuni mwa ukuta, uso mzuri, aproni safi, anacheka peke yake huku akipanga kitu ndani ya ndoo iliyofungwa kamba.

"Karibu, dada."

"Namtafuta Fundi Paka."

"Nani mwenzangu?"

"Mkewe."

"Shemeji!" Mwenye kibanda akapiga makofi. "Karibu sana! Huyu mume wako ndiye anayeniweka mjini!"

Ulimi wa mke ulikuwa tayari, na mkono nao ulikuwa haujambo. Lakini ndoo ilianza kupanda, ikivutwa kutoka juu, na ndani yake chupa za soda ziligongana.

"Tangu asubuhi ndoo hii haijapumzika," mwenye kibanda aliendelea. "Wenzake wanakunywa maji, yeye hataki, anasema maji hayana nguvu. Chakula ni mwiko. Basi ni soda tu. Hata zile mwenye ghala anazowatumia wote, wanamwachia yeye, ni mkubwa wao."

Mke aliangalia kreti za chupa tupu ukutani.

"Hizi zote ni zake?"

"Za jana hizo. Za leo ziko juu."

Nafuu ilimshukia. Hakuna mwanamke! Alitaka kumkumbatia mwenye kibanda, aproni na yote. Kisha akainua macho kumtafuta mumewe, na nafuu hiyo haikudumu.

Paa lilikuwa la vigae vipana vya saruji, vikuukuu, vya kuvunjika kama biskuti. Mke wa fundi hufahamu mambo: juu ya paa la namna hiyo unakanyaga penye misumari tu, maana chini ya misumari ndipo penye boriti. Pengine pote ni hewa. Paka alikuwa akivuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, kichwa ameinamisha, anatafuta misumari. Hakuiona. Tumbo lilikuwa limeifunika. Alinyoosha mguu, akapapasa kwa kidole cha kiatu, akauweka. Paa likalia.

Mke hakuthubutu kuita. Ukimshtua mtu aliye pale, umemuua wewe. Alijaza mtandio mdomoni akauuma. Paka alipapasa tena, akakanyaga, na safari hii kilisikika kishindo kikavu, na kipande cha kigae kikateleza, kikaanguka mbele ya kibanda na kupasuka vipande. Mguu ulikuwa umezama mpaka kwenye goti. Alikaa hivyo kidogo, kama anayefikiria jambo jingine. Halafu akauchomoa, akasogea polepole mpaka kwenye ngazi, akashuka.

"Mke wangu! Kuna nini nyumbani?" Alikuwa anacheka, suruali imechanika, damu inamchuruzika kwenye muundi. "Hiyo si kitu. Vigae vya zamani vibovu."

"Si vigae," mke alisema. "Nilikuja kumtafuta mwanamke. Afadhali ningemkuta. Mwanamke ningemfukuza."

Akamwambia yote hapo hapo, ya futikamba, ya muuguzi, ya misumari asiyoiona. Paka alisikiliza, kwanza kwa mzaha, kisha bila mzaha. Akakiri kwamba alikwisha kuona mambo si sawa, pumzi inamkata ngazini, ila alidhani ni umri.

"Basi yameisha," alisema. "Nimeacha. Kuanzia leo, mbele yako na mbele ya shemeji hapa."

Mwenye kibanda, kwa mazoea tu, alikuwa amefungua chupa na kuisogeza. Paka aliipokea huku akiendelea kuapa, akapiga funda, akapiga la pili, na ilifika nusu ndipo alipoona mkewe anamkodolea macho. Akaitazama chupa mkononi mwake, hakumbuki aliipokea saa ngapi. Hofu ambayo kule juu ya paa hakuionesha, mkewe aliiona usoni mwake sasa, akiwa amesimama ardhini.