Herufi Tisa za Jiwe la Baba

Jambo lote lilitugharimu ng'ombe mmoja na mlango mmoja. Nimehesabu mara mbili, jibu ni lile lile.

Ng'ombe alikuwa wa mama, kule kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, Old Moshi. Kazi yangu ni kubuni nembo na mabango mjini, na mama alikubali tumuuze ili ninunue kompyuta na programu ya kuchorea. Mnunuzi alitoka Sanya Juu, mzee mwenye kofia ya sufu na ulimi wa dalali. Tulivutana tangu chai ya asubuhi mpaka jua la utosi. Mwishowe akasema, "Niongezee na ule mlango wa zizi, basi nimekubali." Mbao zenyewe zilikuwa zimechakaa, na juu yake baba alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu FUNGA MLANGO, kwa ajili ya mbuzi wa jirani. Nikampa. Nilirudi ndani najiona mjanja.

Baba alikuwa fundi wa kuandika kuta. Nusu ya maduka ya Moshi yalisema kwa mkono wake. A yake ilisimama kama mtu aliyetanua miguu kupokea mzigo, na L yake ilijikunja chini kidogo, kama anayeketi. Alipoanza kuugua nilimwomba anichoree herufi zote nyuma ya kalenda kuukuu. Alichora taratibu, barazani, ukungu ukishuka migombani hadi tukawa tunaonana nusu nusu. Nikaziingiza herufi kwenye programu, moja baada ya moja. Mama aliponiuliza zile karatasi afanyie nini, nikamjibu, "Ziko salama kwenye kompyuta, mama." Akawashia moto wa kupikia mtori. Hakukosea, alinisikiliza.

Programu ile niliilipia mara moja tu. Ilitengenezwa na kampuni ndogo, mbali huko, nami nilidhani tumemalizana. Baba akafariki. Baadaye kidogo kampuni ndogo ikanunuliwa na kampuni kubwa. Walituandikia kwa furaha, kama watu wanaotangaza harusi, kwamba sasa wao ni familia moja. Sikujua kwamba mahari nitatoa mimi. Asubuhi moja programu ikakataa kufunguka: ile ya zamani imezimwa, hamia mpya, ya kulipia kila mwezi.

Nikaingia kwenye dirisha lao la huduma kwa wateja.

"Bei ya mwisho ni ngapi?" nikaandika.

"Ungependa mpango wa mwezi au wa mwaka?"

"Mimi ni mteja wa zamani. Punguza kidogo."

"Samahani, sijaelewa."

Nimepatana na wauza mitumba wa soko la Memorial na wenye mahindi wa Sanya, lakini sijawahi kukutana na mtu asiye na uso wa kuona haya. Nikalipa mwezi mmoja. Faili likafunguka, na mahali pa herufi za baba palikuwa na visanduku vitupu, safu kwa safu, kama madirisha ya nyumba iliyohamwa. Programu mpya haikuzitambua.

Nilipomweleza mama, aliacha kumenya ndizi. "Yaani ulilipa ng'ombe mzima, ukapewa wa kumfugia mtu?"

Huku kwetu mwenye mifugo mingi humweka ng'ombe wake kwa jirani. Jirani akate majani, akamue maziwa, achukue na mbolea. Lakini ng'ombe si wake, na mwenyewe akimtaka anakuja kumfungua.

"Afadhali huyo," nikasema. "Huyu hata maziwa kaondoka nayo."

Mama hakucheka. Kaburi la baba lilikuwa linajengwa, na jiwe lilipaswa kuwekwa kabla ndugu hawajapanda nyumbani Krismasi. Alitaka liandikwe AMELALA FUNDI, kwa mkono wa fundi mwenyewe. "Usiniletee herufi za dukani," alisema. "Atalala humo kama mgeni."

Herufi tisa, ukiacha zinazojirudia. Nikashuka mjini na simu, kuzitafuta ukutani. Mlima ulikuwa umefunguka juu ya paa, mweupe, haushiki chini, na mimi nilitembea nimeinua kichwa kama niliyepotea katika mji niliozaliwa. Palipokuwa na baba pengi pamepakwa rangi za matangazo. Lakini kwenye bucha nikapata A na U. Saluni ikanipa L, N na I. Duka la dawa, D. Kwa fundi cherehani, E. Kibanda cha maziwa, M, imepauka hadi unaiona ukitazama pembeni. Nilizipiga picha, na kila moja ilikuwa kama kumwona mtu akipita ng'ambo ya barabara, ukitaka kumwita ameshakata kona.

F haikuwepo. Hoteli iliyokuwa imeandikwa CHAKULA SAFI sasa ina tangazo la simu. Nikahesabu tena. Nane. Ndipo nikakumbuka ule mlango, nikapanda gari hadi Sanya Juu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kudai ng'ombe?"

"Nimekuja kudai F."

Nilipomweleza, alinitazama, akautazama mlango. "Utaikata na msumeno?"

"Nitapiga picha tu. Bei ya mwisho?"

"Bure."

"Mzee, bure inanitisha."

"Hata mimi," akasema. "Basi ukitoka, fanya ilivyoandikwa."

Ng'ombe alikuwa ndani, anatafuna, ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka tulikutana wapi. Nikapiga picha mara mbili. Nikafunga mlango.

Jiwe lipo sasa, limechongwa kwa kufuata zile picha, na mama hupitisha kidole kwenye ile F kila akipita na majani, ingawa ng'ombe hana, anamkatia jirani. Lakini tisa si zote. Sina V ya baba, wala Y, na kuta zinapakwa rangi kila mwezi. Kama kwenu Masama au kokote kuna ukuta aliouandika, wenye A iliyotanua miguu, niambieni kabla mwenye rangi hajafika. Na mnishauri herufi hizi nizihifadhi wapi. Msiniambie kwenye kompyuta.