Sekunde Kumi na Moja za Fumino

Misawa Tokie hakuwahi kuiwasha kamera ya mteja mbele ya mwenyewe. Watu wa Okaya, mji wa kando ya ziwa, walilijua hilo, kwa kuwa wengi wa rika lake walikuwa wamemaliza ujana wao katika viwanda vya lenzi na walizoea mafundi wenye miiko. Waliiacha kamera juu ya kitambaa cheupe mezani, wakaandika jina daftarini, wakaenda zao. Hakumweleza mtu sababu. Sababu ilikuwa simu moja aliyoipokea akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa.

Wakati huo alikuwa fundi katika ukumbi wa matengenezo wa kiwanda kimoja nje ya mji. Kamera ndogo za dijitali zilikuwa zikifika kwa makreti, nyingine zimejaa mchanga wa pwani, nyingine zimemwagikiwa mchuzi. Kanuni ya ukumbi ilikuwa moja kwa zote: kabla kamera haijarudi sandukuni, irejeshwe katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Vitufe viwili vilibonyezwa pamoja, skrini ikauliza kama una hakika, fundi akajibu ndiyo. Chochote kilichokuwa katika kumbukumbu ya ndani, kile ambacho mteja hakukiweka kwenye kadi, kilifutika. Tokie alijibu ndiyo makumi ya mara kwa siku, na kidole gumba chake kikafika mahali pa kujibu bila yeye kukituma.

Siku hiyo simu ya mapokezi iliunganishwa kwake kwa makosa. Sauti ya mwanamke ikauliza, kwa adabu nyingi, picha zilizokuwa ndani ya kamera yake zimekwenda wapi. Tokie akamsomea sentensi iliyobandikwa ukutani, ile ya kusikitika na ya kifungu cha nne cha mkataba wa matengenezo. Yule mwanamke akasema, "Nashukuru. Samahani kwa kukusumbua." Simu ikakatwa taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Laiti angetukana. Matusi yangechakaa. Ile samahani haikuchakaa, na ilikuwa ikimrudia Tokie kila aliposikia lenzi ikijikunja na kifuniko chake kujifunga, wala hakutaka mteja amwone wakati huo. Ukumbi ulipovunjwa na mafundi wakatawanyika, alifungua chumba cha mbele cha nyumba yake, akaweka meza, taa na kengele ya mlangoni, na tangu hapo hakuna kamera iliyotoka mikononi mwake ikiwa tupu kuliko ilivyoingia.

Mzee Yajima Kisaburo alikuja miaka mingi baadaye, mwezi wa Februari, asubuhi ambayo ziwa lilikuwa limeganda hadi kwenye gati. Alikuwa seremala mstaafu wa mtaa wa juu, mwenye mabega mapana na sikio moja bovu. Alitoa kifurushi cha hariri ya zambarau, akakifungua kwa mikono miwili, na harufu ya udi ikajaa chumbani kabla kamera yenyewe haijaonekana.

"Haijafa," alisema. "Imekwama tu, mdomo wazi."

Kamera ilikuwa ndogo, ya rangi ya fedha iliyogeuka manjano. Lenzi ilikuwa imetoka nusu na kusimama upande. Tokie aliinama kuitazama bila kuigusa.

"Mzee Yajima, hii ulikuwa unaikausha juu ya moto?"

"Inakaa kwenye kabati la kumwombea marehemu mke wangu. Pale pale, kando ya picha yake. Mwezi ujao anatimiza miaka sita, tunamfanyia ibada ya kuingia mwaka wa saba."

"Na chaji?"

"Waya nimeupitisha nyuma ya kabati. Sijauchomoa hata siku moja." Alisema hivyo kwa fahari ya mtu asiyewahi kuchelewa kazini. "Ningemwachaje gizani?"

Tokie alivaa glavu, akaigeuza. Mgongo wa kamera ulikuwa umetuna kama shavu la mwenye jino bovu, na mlango mdogo wa betri ulikuwa umesukumwa nje hadi ukapinda.

"Imevimba," alisema.

"Imenenepa. Namlisha vizuri." Mzee alicheka kidogo, akaona yuko peke yake katika kicheko hicho, akaendelea. "Wali wa kwanza wa asubuhi ni wake, kabla mimi sijaonja. Na chai. Nauweka mbele ukiwa bado unafuka moshi."

"Mbele ya picha yake?"

"Mbele ya kamera. Picha haisemi kitu."

Hapo Tokie akaelewa kazi iliyokuwa mikononi mwake. Kila nyumba ya mtaa ule hupeleka wali wa moto kwa marehemu wake, na hakuna aliyewahi kudhurika. Lakini hakuna aliyewahi kuuelekeza mvuke wake mdomoni mwa kamera, asubuhi baada ya asubuhi kwa miaka sita, ukifuatwa na moshi wa udi, na betri ikipashwa moto mchana kutwa na chaji isiyokoma. Alisogeza taa. Ndani ya kioo cha lenzi ukungu ulikuwa umeota nyuzi nyembamba kama mizizi.

"Haisemi kitu," alirudia. "Kamera inasema?"

Mzee alitazama mlangoni kama mwenye kuhofia kusikiwa. Fumino, mkewe, alikuwa ameinunua kamera hiyo kwa ajili ya safari moja, akaishia kupiga picha maua ya uani tu. Siku moja ya vuli alitaka kumpiga mumewe picha chini ya mpasimoni, mti wa matunda wa uani, akakizungusha vibaya kile kigurudumu cha juu, na badala ya picha kamera ikanasa video. Sekunde kumi na moja. Haikuwa na kadi. Ilikuwa humo ndani, na hapakuwa na sauti yake nyingine popote duniani.

"Naifungua asubuhi, ananisemesha, tunakula," alisema. "Tangu mwaka jana sihitaji hata kuifungua. Nikiwa jikoni naisikia yenyewe. Ule mlio wake, zii. Nikienda, lenzi imeshatoka, inanitazama. Bi Misawa, mimi si mtoto. Najua unavyoniona."

"Sijakuona vyovyote."

"Fanya ifunguke tu. Lakini betri usiitoe. Ukiitoa ataondoka."

Tokie alijua kilichokuwa kikiiwasha. Unyevu na lami ya udi vilikuwa vimejipenyeza chini ya kitufe na kuyagusanisha mabati mawili yasiyopaswa kugusana. Maneno hayo alikuwa nayo tayari mdomoni, na yalikuwa ya kweli, na yalifanana mno na sentensi ya ukutani. Akachagua mengine.

"Betri hii ikitobolewa au ikipashwa moto zaidi, itawaka. Kabati litaungua, na nyumba, na wewe ndani yake."

"Nina miaka sabini na tisa, dada. Nimekauka. Nitaungua mara moja tu."

"Na sauti yake itaungua pamoja nawe."

Mzee alipapasa kile kitambaa cha hariri, akakikunja mara mbili, akakikunjua.

"Sauti haikai kwenye betri," Tokie alisema. "Betri ni chakula tu. Sauti iko kwenye kibati kingine, na hicho hakihitaji kulishwa."

Alilisema hilo kwa uthabiti ambao hakuwa nao. Mvuke ulioota mizizi kwenye kioo ungeweza kuwa umefika popote.

"Basi toa," mzee alisema. "Lakini sitoki."

Kwa hiyo Tokie akafanya kazi mbele ya mteja. Alifungua dirisha, baridi ikaingia. Alivaa miwani ya kazi na kuweka kando ya meza debe la mchanga mkavu. Mtu mwingine angechomeka bisibisi chini ya betri na kuing'oa, na hivyo ndivyo vidole huungua. Yeye alianza na skrubu sita za pembeni, akazipanga juu ya mkanda wa gundi kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Alipoinua ganda la mbele hakugusa chochote karibu na taa ya mmweko, kwa kuwa kikopo kidogo kilicho nyuma ya taa hiyo huhifadhi umeme wa kumwangusha mtu hata kamera ikiwa imezimwa. Aliumaliza umeme huo kwa waya wenye kizuizi, akahesabu hadi thelathini, akapima, akapima tena.

Ncha ya bisibisi ilikuwa imegusa ukingo wa chumba cha betri wakati kamera ilipojiwasha. Lenzi ilijikwamua kwa mlio mwembamba, ikasogea mbele kidogo kama mtu anayenyoosha shingo, ikasimama.

"Nipo," mzee alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayeitikia kutoka chumba cha pili.

Tokie alijua mabati yale mawili. Aliyajua kwa majina na vipimo vyake, na hata hivyo alingoja, bisibisi ikiwa hewani, mpaka lenzi ilipotulia kabisa, kana kwamba kulikuwa na mtu wa kuombwa ruhusa. Kisha akalegeza ubavu wa chumba, akapitisha ukanda wa plastiki nyuma ya betri, akaivuta bila haraka hadi ikateleza yenyewe. Aliishusha mchangani, akaifunika, akalitoa debe nje na kuliweka juu ya theluji, mbali na ukuta, mpaka siku ya kuipeleka kituo cha kukusanyia betri mbovu.

Aliporudi, mzee alikuwa ameyaweka macho yake kwenye lile ganda tupu.

"Kimya hiki," alisema, "ni kile cha siku ile hospitali."

Kamera ilikaa siku tisa katika sanduku lisilopitisha hewa, pamoja na vifuko vya chembe za kukaushia unyevu. Kila siku saa nne asubuhi mzee alipita, akavua viatu, akaliangalia sanduku kupitia kifuniko chake cha plastiki. Siku ya tatu alileta kachumbari ya majani ya nozawana iliyotiwa chumvi. Siku ya sita aliuliza kama angeweza kuuleta wali.

"Wali umpelekee pale nyumbani," Tokie alisema. "Mbele ya picha."

"Nimempelekea. Unapoa tu."

Siku ya kumi, mzee akiwa ameketi kando, Tokie alisafisha mabati ya ndani yanayogusana kwa kijiti cha pamba kilicholowekwa spiriti kidogo, akapuliza vumbi kwa mpira wa hewa, maana pumzi ya mdomoni ina mate ndani yake, akatia betri mpya ya aina ileile kabisa. Aliiwasha. Skrini ilimeta, ikatia kiwi, kisha ikaandika maneno aliyoyafahamu kuliko maombi yoyote. Kumbukumbu ya ndani haisomeki. Ifutwe na kutayarishwa upya? Neno "ndiyo" lilikuwa tayari limewekewa rangi.

Kidole gumba chake kilikuwa juu ya kitufe. Hakukumbuka kukipeleka. Miaka kumi na tisa tangu simu ile ilikuwa haijakifundisha chochote. Nyuma ya sikio lake mtu alishukuru na kuomba samahani kwa usumbufu.

"Inasema nini?" mzee aliuliza.

"Inaniuliza kama nina hakika."

"Unayo?"

"Hapana," Tokie alisema, na akakiondoa kidole kwa mkono wa pili, kama anayemwondoa mdudu. Akazima kamera kwa kitufe chake, akangoja, akatoa betri. Alitumia sehemu kubwa ya asubuhi ile chini ya kioo cha kukuzia, akikwangua kutu ya kijani, unywele kwa unywele, kwenye mguu mmoja wa kile kibati cha kumbukumbu. Safari ya pili hakuiruhusu skrini iulize kitu. Aliiunganisha kamera moja kwa moja na kompyuta, akatazama duara likizunguka. Lilizunguka muda mrefu. Kisha likatokea faili moja, ndogo, yenye jina la tarakimu tupu. Aliinakili mara tatu, mahali patatu, ndipo akavuta pumzi.

"Sogea huku, Mzee Yajima. Upande wa sikio zima."

Aligeuza spika mbili za meza zikamwelekea, akaicheza video.

Palikuwa na mwanga wa vuli, mpasimoni, na mwanaume mpana aliyesimama wima kama nguzo. Sauti ya mwanamke ilitoka karibu sana, karibu kuliko mtu yeyote aliyekuwa chumbani, yenye mkwaruzo wa kicheko. "Bado. Usitikisike. Baba, tabasamu kidogo basi." Kisha, chini ya upepo, ikafuata sauti nyingine, nzito na kavu: "Hujui hata kuishika. Acha, unanichosha."

Sekunde kumi na moja zikaisha. Mzee hakusogea.

"Nani yule wa mwisho?" aliuliza.

Kisha akaitazama midomo yake mwenyewe iliyoganda kwenye skrini, ikiwa nusu wazi.

"Kispika cha kamera kilikuwa kidogo," Tokie alisema mwishowe. "Na kiliziba kwa udi. Sauti nene hupotea kwanza."

"Miaka sita nimekuwa nikimsikia yeye peke yake."

"Naweza kuikata. Sekunde tatu za mwisho tu. Hakuna atakayejua, itaishia pale anapokuambia utabasamu."

Nje, barafu ya ziwa ilipasuka mahali fulani kwa mlio mrefu, na dirisha likatetemeka. Mzee alikuwa amefumba macho. Alikaa hivyo kwa muda, mikono magotini, na Tokie akaiondoa mikono yake mezani ili isije ikafanya kitu bila kuagizwa.

"Usiikate," mzee alisema. "Yeye aliyasikia yote. Na aliendelea kuishika vilevile, tazama, picha haijatikisika."

"Haijatikisika," Tokie alikiri.

"Rudisha mwanzo, dada."

Tokie akarudisha. Mzee alivua miwani yake, akanyoosha mgongo, akaikaza shingo. Aliposikia neno la kwanza akatulia kabisa, akatabasamu jinsi alivyoombwa, akakaa hivyo bila kupepesa macho hadi mwisho.