Mguu wa Senene Kwenye Parafujo

“Mama Josia, chuma nimekishika tangu ujana, lakini mguu wa senene kwenye thredi ndiyo leo nauona.”

Hivyo ndivyo mume wangu Datius alivyoniamkia, badala ya salamu. Alisimama mlangoni mwa karakana yetu hapa Kitendaguro, ameining'iniza parafujo kwa kitambaa kama mtu aliyeokota panya.

“Labda aliruka mwenyewe,” nikamjibu.

“Akiwa ameshakaangwa?”

Nikaukimbilia ufagio na kuyaacha mazungumzo, jambo ambalo majirani wangelipa kiingilio kuliona.

Datius ni mkereza vyuma. Alizaliwa Izimbya, kwenye migomba na mibuni, na baba yake alitaka awe mtu wa kahawa. Kahawa aliyobaki nayo ni ile ya kutafuna tu: punje chache shavuni asubuhi, kisha kimya mpaka mchana. Watu wanadhani ni mpole. Si mpole, ana kahawa mdomoni. Anachokipenda ni chuma kutoka kwenye mashine kinang'aa, na anachokichukia ni mkono wa mtu kukigusa kabla hakijapakwa kitu. Chuma kilichotoka kukatwa kiko uchi, husema, na hewa ya ziwa letu haina adabu.

Parafujo zenyewe zilikuwa mbili, za kubania injini kwenye mtumbwi. Mwenye mzigo alikuwa Safina, anayevua dagaa kisiwani Goziba. Zile zake za zamani zililika meno, injini ikawa inacheza nyuma ya mtumbwi, akaogopa siku moja itamtoka izame. Boti ya kumrudisha ilikuwa inaondoka ufukwe wa Nyamkazi mchana ule. Siku za usiku usio na mwezi zilikuwa zimeanza, na dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Akikosa boti, vijana wake wangekaa ufukweni na giza lote lingewapita.

Datius alimaliza kukata thredi, yale meno ya kuzunguka, jana yake alasiri, akaziacha parafujo mezani ili asubuhi azitie weusi wa kuzuia kutu. Akasema asiguse mtu. Nilisikia. Ila katika nyumba hii, “mtu” nilidhani ni wengine.

Jioni hiyo niliingia kufagia nikiwa nimetoka kumenya ndizi, utomvu mikononi. Nikazisogeza. Nilipoziachia nikaona vidole vyangu vimejichora juu ya chuma, kama hati niliyoitia dole gumba, na vingine vinne kwa uhakika.

Mtu mwenye akili angemwita fundi. Mimi nina cheti cha darasa la saba na mume fundi, nikaona nimehitimu. Chuma si kinalindwa kwa mafuta? Nikachukua mafuta yaliyobaki kwenye kikaango baada ya kukaanga senene, nikazipaka kwa upendo mpaka ndani ya thredi, huku nikijisifu kwamba nimeokoa pesa ya oili. Chumvi sikuikumbuka. Na senene wangu nawatia chumvi kama nakausha samaki.

Asubuhi ile chuma kilikuwa kimetoka vipele vya kutu, rangi ya chungwa. Juu ya thredi msafara wa sisimizi ulikuwa unapanda kwa kuzunguka, kwa utaratibu, kama waumini kwenye ngazi za mnara wa kanisa.

Ndipo Safina akaingia.

“Shikamoo fundi. Shikamoo Mama Josia. Mzigo wangu tayari?”

Datius akaitikia. Mdomo wangu ukawahi. “Unaiva, mdogo wangu. Siku hizi tunaacha kwanza chuma kitoe jasho.”

Safina akainama kutazama. “Na sisimizi?”

“Hao wanakuja wenyewe wakiona kazi nzuri.”

“Mke wangu ameziharibu,” Datius akasema. “Kaa hapo. Zikikataa kusafishika nitakuambia mapema, usije ukakosa boti unanisubiri mimi.”

Akanigeukia, akanipa mswaki wa zamani. “Nakudai asubuhi yangu. Anza kulipa.”

Nikaanza. Kwanza maji ya moto na sabuni, maana chumvi haitoki kwa mafuta ya taa. Kisha mafuta ya taa na mswaki, kisha kitambaa kikavu. Thredi ni mfereji mmoja mrefu unaozunguka. Ukidhani umefika, unakuta hata hujaondoka. Nikatoa kutu, nikatoa bawa. Safina anatazama saa, mimi namtazama Safina.

Datius akapitisha ukucha kwenye kila jino, polepole, hadi nikatamani kumpiga na mswaki.

“Kutu imelamba tu,” akasema. “Haijauma.”

Akaziweka juu ya makaa, akawa anazigeuza bila kuondoa macho. Chuma kikawa rangi ya majani makavu, kikaja zambarau, kikaja buluu. Hapohapo akakitumbukiza kwenye oili chafu ya gari. Moshi ukajaa karakana. Parafujo zikatoka nyeusi tii. Zikiwa bado na joto akazipaka nta ya nyuki, akafuta iliyozidi, akampa Safina nati aijaribu. Safina akaizungusha kwa vidole viwili, ikateleza mpaka mwisho.

“Kila ukiing'oa injini, futa maji, paka grisi,” Datius akamwambia. “Grisi. Si kitu cha jikoni.”

“Nimesikia, fundi. Kisiwani hatuna senene wa kupoteza.”

Akapanda bodaboda. Baadaye akapiga simu yuko ndani ya boti, sauti ya injini ikimfunika.

Nilipogeuka kuingia ndani nikakumbuka kwamba moto wangu ulishazimika na sijapika chochote. Nikamkuta Datius jikoni. Mwanaume wa Izimbya, mwenye mvi, amekaa kwenye kigoda changu anamenya ndizi.

“Kuna nini, Baba Josia?”

“Nilikutaja mbele ya mteja. Hilo ulikuwa unanidai.”

“Na asubuhi yako?”

“Umeshailipa kwa mswaki. Tumemalizana.”

Maganda yake yalikuwa manene, nusu ya ndizi inakwenda kwa mbuzi. Nilikuwa na maneno mazuri kabisa ya kusema juu ya hilo. Nikachukua kisu kingine, nikakaa karibu yake, nikayameza.