Msiba Aliouzusha Elick

Elick alikuwa na kitu kimoja tu cha kuuza, nacho ni koo. Bendi yao ilipiga panki, muziki wa magitaa yanayokwaruza na mwimbaji anayepiga mayowe kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Kila msimu wa kahawa ukiisha walizunguka Karagwe na Kyerwa na jenereta lao kwenye pikapu ya kukodi. Miaka tisa hiyo. Watu walikuja kushangaa, wakabaki kucheza.

Mwaka huu koo lilianza kutoa damu. Daktari alimwambia anyamaze miezi mitatu, la sivyo atanyamaza moja kwa moja. Elick hakumwambia mtu. Sperancia, mpiga besi na mkuu wa bendi, alikuwa mwanamke wa Muleba asiyebeba mzigo usio na kazi. Mpiga kinanda alipovunjika mkono, walimshusha stendi na begi lake.

Walipofika Kituntu sauti ilikuwa imebaki nusu, na kesho yake ilikuwa zamu ya Nyakatuntu. Asubuhi Elick akasogea pembeni na simu, akarudi ameinamisha kichwa.

"Nyakatuntu kuna msiba. Mzee Rwegoshora amefariki."

Jina alilichagua kwa hesabu. Mwaka jana walimwacha mzee huyo hoi kitandani. Kama hajafa, yuko njiani. Na maiti ikiwa haijazikwa, hakuna anayegusa jembe, sembuse gitaa. Angepata siku mbili za kupumzika.

Alichosahau ni nusu ya pili ya mila hiyo.

"Basi twende," Sperancia akasema, akijifunga kanga kiunoni. "Mzee alitupa uwanja wake bure. Tuupite msiba wake kama mbuzi?"

"Tutume salamu tu, dada."

"Salamu zinapikwa?"

Wakanunua mkungu wa ndizi na mzigo wa kuni. Njia nzima Elick aliomba pikapu iharibike. Aimable, mpiga ngoma, alishuka wa kwanza, akaingia uani akilia kwa sauti kama inavyotakiwa. Mzee Rwegoshora alikuwa ameketi mlangoni, anapukuchua maharage.

"Mnamlilia nani?"

Kilio kikakatika. Wote wakamgeukia Elick.

Majirani walishajaa uani. Kumzushia mtu kifo huku si utani, ni kumchimbia kaburi. Mzee hakupandisha sauti.

"Mwanangu, mimi kifua kilipona, wewe ukaniua. Sasa nitoe kaburini. Funga vyombo vyako hapa, uimbe mpaka kila aliyesikia nimekufa asikie niko hai."

"Mzee wangu, koo langu linaumwa."

"Lilipotangaza kifo changu lilikuwa zima."

Sperancia alichomeka nyaya bila kumtazama. "Ungesema," akamwambia chini chini. "Tungekupumzisha."

"Mngenishusha."

Sperancia akamkabidhi maiki.

Wimbo wa kwanza ulipita. Wa pili ulipita kwa damu. Katikati ya wa tatu sauti ilichanika, ukabaki upepo mtupu. Sperancia akasogea kwenye maiki, akaumalizia, akaongeza mingine minne. Watu walicheza vilevile.

Walipokuwa wanapakia, Elick alimwendea mzee kuaga. Akainama, akatamka shikamoo. Midomo ilicheza, hakikutoka kitu. Mzee alisubiri kidogo, kisha akageuka kuwapokea wengine.